Kuoga Mara Moja, Kutawadha Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Kutakaswa kwa Mujibu wa Maandiko

Usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, Yesu aliondoka mezani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika beseni na kuanza kuwaosha wanafunzi miguu. Zamu ya Petro ilipofika, Petro akakataa katakata. Alipoambiwa kuwa asipooshwa hana shirika na Bwana, akageukia upande wa pili kabisa: basi si miguu tu, na mikono na kichwa pia! Yesu akamjibu: "Yeye aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu, bali yu safi mwili wote" (Yohana 13:10).

Waliotafsiri Biblia yetu ya 1952 walichagua hapo neno kutawadha, na kila aliyekulia pwani alilijua neno hilo kabla hajaisoma Yohana 13. Kuoga ni jambo moja, kutawadha ni jingine. Wakristo wengi ninaokaa nao katika ibada za nyumbani wamechanganya haya mawili. Huyu alioga miaka ishirini iliyopita, akabatizwa, akashuhudia kwa machozi, na tangu hapo miguu yake haijaona maji. Yule naye anaoga kila mkutano wa injili: mhubiri akiita tu, yuko mbele anaokoka upya, kana kwamba mara zote zilizopita zilikuwa bure.

Wapo na wa tatu, na hao ndio wanaoniuma zaidi. Hawa wamenunua maji ya chupa, chumvi, mafuta na vitambaa vya maombezi, wakajipaka na kujinyunyizia walivyoelekezwa. Wanarudi na mzigo uleule, mfuko ukiwa mwepesi. Mwongozo huu ni wa wote watatu. Uwe na Biblia mkononi, kalamu na karatasi, na siku kadhaa za kuufanyia kazi, maana hauishi kwa usiku mmoja.

Kwanza tuelewane maneno

Maandiko yana mambo mawili yanayokwenda pamoja lakini si kitu kimoja. La kwanza ni usafi, kwa Kiebrania *tahor*. Neno hilo ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi tohara, na ndugu zetu Wakatoliki toharani. La pili ni utakatifu, *qadosh*, ambalo ndani yake lina kutengwa kwa ajili ya Mungu. Kiswahili kina neno linalolikaribia sana: wakfu.

Sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hadi ikang'aa ni safi, lakini inaweza kupika chochote. Kikombe cha Ushirika Mtakatifu ni safi na pia kimetengwa, hakuna anayekichukua akanywee uji. Paulo anamwambia Timotheo kwamba mtu akijitakasa atakuwa chombo cha heshima, kinachomfaa mwenye nyumba, kimetengenezwa kwa kila kazi njema (2 Timotheo 2:21). Usafi unaondoa uchafu. Utakaso unaendelea mbele na kuuliza: sasa chombo hiki ni cha nani? Anayetaka kusafishwa bila kutakaswa anataka kuondolewa aibu, kisha abaki kuwa mali yake mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Ramani: Walawi 14

Ningekuwa na sura moja tu ya Agano la Kale ya kufundishia jambo hili, ningechukua Walawi 14, sura ambayo wengi huiruka. Inaeleza namna mwenye ukoma aliyepona anavyorudishwa kwa watu. (Neno ukoma hapo linabeba magonjwa mengi ya ngozi, na hata madoa ya nguo na kuta za nyumba.)

Kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kumfuata mgonjwa. Mgonjwa haingii kambini kumtafuta kuhani. Wanaletwa ndege wawili walio hai, mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo, kichaka kidogo ambacho vitawi vyake hushika maji vizuri. Ndege mmoja anachinjwa juu ya maji ya mtoni ndani ya chombo cha udongo. Yule wa pili anachovywa katika damu ya mwenzake, mtu ananyunyiziwa mara saba na kutangazwa kuwa safi, kisha ndege aliye hai anaachiwa aende zake porini. Mtazame ndege huyo anavyoruka: mbawa zimelowa damu isiyo yake, naye yuko huru.

Baada ya hapo mtu anafua nguo zake, ananyoa nywele zote na kuoga. Anaingia kambini, ila hemani mwake haingii kwa siku saba. Siku ya saba ananyoa tena, hata ndevu na nyusi, anafua, anaoga. Siku ya nane kuhani anatwaa damu ya sadaka ya hatia na kumtia kwenye ncha ya sikio la kuume, kwenye kidole gumba cha mkono wa kuume, na kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Ndipo anachukua mafuta na kuyapaka mahali palepale, *juu ya ile damu*.

Angalia mpangilio. Damu, maji, na mafuta mwisho. Mafuta hayakutangulia hata siku moja. Mtu anayeuziwa mafuta bila kuulizwa habari ya hatia yake amepewa siku ya nane kabla ya siku ya kwanza. Tena sheria hiyohiyo, mstari wa 21, inasema aliye maskini aletewe nafuu: mwana-kondoo mmoja badala ya watatu, na hua au makinda ya njiwa badala ya kondoo wengine. Mungu alimpunguzia mgonjwa gharama. Anayeipandisha kwa jina lake hakuipata humo.

Na ile sikio, gumba na kidole cha mguu? Ndipo palepale Haruni na wanawe walipotiwa damu siku walipowekwa wakfu kuwa makuhani (Walawi 8:23-24). Mtu aliyekuwa akipiga kelele "Ni najisi, ni najisi" ili watu wamkwepe anapakwa kama kuhani. Mungu hamrudishi mtu getini tu, anampa kazi ndani ya nyumba.

Agano Jipya linasoma haya yote kama kivuli. Waebrania 10:4 inasema wazi haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi, na mstari wa 10 kwamba tumetakaswa kwa kutolewa mwili wa Yesu Kristo mara moja tu. Katika Marko 1 mwenye ukoma anapiga magoti, na Yesu ananyosha mkono na kumgusa kabla hajapona. Kwa sheria aliyoijua kila mtu pale, najisi ndiyo iliyokuwa inaambukiza. Nabii Hagai aliwauliza makuhani swali hilohilo, wakajibu kwamba kitu kitakatifu hakitakasi kwa kugusa, bali kichafu kinachafua (Hagai 2:11-13). Kwa Yesu mambo yakaenda kinyume: aliyeguswa akawa safi, na aliyegusa hakuchafuka. Usafi wa Kikristo unaanzia kwenye mguso huo.

Hatua ya 1: Jua kama umeoga

Kuoga ni kumwamini Kristo, kugeuka na kubatizwa. Tito 3:5 inaliita jambo hilo kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Paulo anawaandikia Wakorintho, watu waliokuwa wezi, walevi na waasherati, akitumia maneno ya jambo lililokwisha kufanyika: mlioshwa, mlitakaswa, mlihesabiwa haki (1 Wakorintho 6:11).

Kama hujafika hapo, usianze na hatua zinazofuata, kwa maana zitakuwa mzigo tu. Mwendee Kristo, ukaongee na mchungaji au padri, uanze mafundisho. Kama umefika, usioge tena. Dhambi ya jana haijafuta ubatizo wako. Imekuchafua miguu, na kwa miguu kuna beseni.

Hatua ya 2: Kaa chini uchunguzwe

Sikusema ujichunguze. Zaburi 139 inaomba: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Mtu akijichunguza peke yake ama anajiachia ama anajichuna ngozi.

Tenga saa moja, zima simu. Soma Amri Kumi (Kutoka 20) polepole, kisha Mathayo 5 ambapo Yesu anazipeleka hadi ndani: hasira, tamaa ya macho, kiapo. Kila unapoguswa, andika. Andika jambo lenyewe, siyo kundi lake. Usiandike "kiburi", andika kwamba Jumapili ulimdharau mama fulani mbele ya kwaya. Usiandike "uongo", andika uliongopa nini na kwa nani.

Ukimaliza, soma tena orodha kwa jicho lingine, maana si kila kinachokutia aibu ni dhambi yako. Hapa naomba usome taratibu. Wapo wanaotafuta kutakaswa kwa jambo walilotendewa: aliyebakwa, aliyechezewa akiwa mtoto, aliyepigwa miaka na miaka ndani ya ndoa. Kumbukumbu la Torati 22:26 inamzungumzia msichana aliyeshikwa kwa nguvu kondeni na kusema hana dhambi, kwani jambo hilo ni kama mtu anavyomwinukia mwenzake na kumwua. Mwenye damu mikononi ni mwingine. Wewe unahitaji kuponywa, kulindwa na kupewa haki, na mtu yeyote anayekulazimisha utubu kwa hilo anakuongezea jeraha. Lifute kwenye orodha.

Futa na ugonjwa. Wanafunzi waliuliza kuhusu yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akajibu si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Kifafa, ugumba, kisukari, kuharibika kwa mimba, hivi si ushahidi wa najisi. Endelea na dawa zako. Kama una kisukari, una mimba au unatumia dawa zinazohitaji chakula, usifunge kula bila kumwuliza daktari. Ondoa kitu kingine unachokipenda kwa siku hizo.

Yanayobaki kwenye karatasi baada ya kufuta hayo ndiyo ya kwako.

Hatua ya 3: Yataje kwa majina yake

Kuna wafalme wawili walioambiwa dhambi zao na manabii, na wote wawili walisema "nimekosa".

Sauli aliposhikwa na Samweli katika habari ya Waamaleki, alianza na watu: watu ndio walioacha kondoo na ng'ombe wazuri, tena ili kumtolea Bwana sadaka. Alipobanwa akasema amekosa, na katika pumzi hiyohiyo akaomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake (1 Samweli 15). Alitubu huku akiangalia viti vya mbele.

Daudi dhambi yake ilikuwa nzito zaidi: alilala na Bathsheba, mke wa Uria, kisha akamwua Uria kwa upanga wa adui. Nathani alipomwambia "Wewe ndiwe mtu huyo", jibu la Daudi katika 2 Samweli 12:13 ni fupi mno: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Hakuna lakini, hakuna kumtaja Bathsheba, hakuna kueleza uchovu wa vita. Zaburi 51, ambayo kichwa chake kinaifunga na siku ile, inaomba, "Unisafishe kwa hisopo nami nitakuwa safi." Mfalme anaomba tawi la Walawi 14, anajiweka nje ya kambi na wenye ukoma.

Basi piga magoti na karatasi yako, soma mstari mmoja mmoja kwa sauti. Ukijisikia unaingiza "lakini", "kwa sababu", "hata yeye", rudi mwanzo wa mstari. Ukimaliza soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti pia: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Mtume hakuandika kuwa ni mwenye huruma tu. Aliandika *mwaminifu na wa haki*, kwa sababu deni limelipwa na hatalidai mara mbili. Usipojisikia wepesi wowote, msamaha haujapungua kitu.

Je, uungame na kwa mtu? Yakobo 5:16 inasema tuungame sisi kwa sisi na kuombeana. Kwa Mkatoliki njia ni Sakramenti ya Kitubio: majuto, maungamo, ondoleo na malipizi. Kwa wengine ni mchungaji, mzee wa kanisa au rafiki aliyekomaa. Nchi zetu zina historia ya jambo hili. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kile walichokiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Walokole, ndivyo walivyoitwa watu wa uamsho huo, waliungama mbele ya wenzao na kurudisha mali walizoiba, na wengi waliowacheka waliamini walipoona mali zinarudi.

Ila kuwe na kipimo. Dhambi ya siri baina yako na Mungu haihitaji kipaza sauti. Dhambi dhidi ya mtu mmoja inamhusu huyo. Iliyofanyika mbele ya wote iungamwe mbele ya wote. Na usiungame kamwe dhambi ya mwenzako ndani ya ushuhuda wako.

Hatua ya 4: Rudisha

Hii ndiyo hatua iliyopotea, na naamini ndiyo sababu wengi wanaungama jambo lilelile mwaka hadi mwaka.

Walawi 6:1-7 iko wazi. Aliyedhulumu, aliyeficha amana, aliyeokota kitu akakana, kwanza atakirudisha kitu chote, ataongeza na sehemu ya tano ya thamani yake, atampa mwenyewe *siku hiyo* ya sadaka ya hatia, ndipo kuhani atamfanyia upatanisho. Yesu hakuilegeza: ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda, upatane, kisha urudi (Mathayo 5:23-24). Zakayo, ambaye hakuambiwa na mtu, alisema aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne, na ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo.

Nitasema la kwangu. Nikiwa kijana nilikuwa muuzaji katika duka la baba mdogo, na kwa muda wa miezi mingi nilikuwa nachota kwenye droo. Upungufu ulipoonekana akashukiwa kijana mwenzangu wa dukani, akafukuzwa, nami nikanyamaza. Niliokoka baadaye, nikaimba, nikafundisha hata shule ya Jumapili. Miaka kumi na mmoja baadaye tulikuwa tunasoma Walawi 6 katika ibada ya nyumbani, na sikuweza kumaliza kusoma.

Nilipiga hesabu kadiri nilivyokumbuka, nikaongeza sehemu ya tano, nikakusanya taratibu kwa miezi, nikaenda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

Nikaweka bahasha mezani, nikasema. Alizihesabu noti moja moja, akilowesha kidole kwa ulimi, hakuinua macho. Alipomaliza akazifunga tena kwa mpira.

"Hizi zangu zimerudi," akasema. "Na yule niliyemfukuza kwa ajili yako, utamrudishia nini?"

Sikuwa nimemwandika kwenye karatasi. Nilikuwa nimeandika fedha. Nilimtafuta, nikamkuta mji mwingine akitengeneza baiskeli chini ya mwembe. Alinisikiliza huku akikaza spoki, gurudumu likizunguka mkononi mwake. Nilipomaliza akasema, "Kaka, nimekusikia. Kusamehe niachie mwenyewe." Nilitaka kumsukuma anipe neno nipumzike, nikajizuia. Kilichobaki kuwa juu yangu kilikuwa jina lake. Mimi na baba mdogo tulikwenda kwa mama yake, tukaomba waitwe majirani waliokuwepo wakati ule, nikasema mbele yao kwamba mwizi nilikuwa mimi.

Kutokana na hayo, hivi ndivyo ninavyowashauri watu. Chukua karatasi yako, uandike pembeni mwa kila mstari nani aliumia, alipoteza nini, na nani mwingine aliumia kwa sababu ya hilo. Fedha rudisha pamoja na nyongeza. Huna zote? Mwendee mwenyewe na mpango wa kulipa kidogokidogo, uutimize. Kama amekufa, lipa warithi wake. Hesabu 5:8 inasema kama hana ndugu, malipo yaende kwa Bwana mkononi mwa kuhani, nami nasema yapelekwe kwa wahitaji bila jina lako. Kama ulichafua jina la mtu, lisafishe mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia.

Msamaha omba, usiudai. Ukikataliwa umefanya sehemu yako.

Mambo mawili usiyaendee peke yako. La kwanza ni uzinzi na siri za ndoa: kaa kwanza na mchungaji mwenye busara, mpange lini na vipi, kwa sababu ungamo la pupa linaweza kuwa njia ya kujitua mzigo kwa kumtwisha mwenzako. La pili ni uhalifu, hasa aliyemdhuru mtoto. Huyo ajipeleke mbele ya sheria, na kiongozi wa kanisa akiambiwa kuna mtoto hatarini apeleke habari polisi au ustawi wa jamii. Msamaha wa Mungu haujawahi kuwa kichaka cha kujifichia. Nathani alimwambia Daudi kuwa Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado upanga haukuondoka nyumbani mwake.

Hatua ya 5: Choma madaraja

Fupi hii. Efeso, waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote. Vilipopigwa hesabu thamani yake ilikuwa vipande elfu 50 vya fedha (Matendo 19:19). Kama vipande hivyo vilikuwa drakma, sarafu ya Kigiriki, kimoja kilikaribia ujira wa kibarua wa siku moja. Wangeweza kuviuza na kutoa sadaka nono. Hawakuviuza.

Kwako inaweza kuwa hirizi iliyofungwa juu ya mlango, namba ya mtu kwenye simu, programu ya kubeti, duka la pombe lililo njiani ambalo dawa yake ni kubadili njia. Fanya leo, mbele ya mtu mmoja atakayekuuliza juma lijalo. Usichome mali ya mwingine wala kubomoa cha jirani.

Hatua ya 6: Usiiache nyumba tupu

Katika Mathayo 12:43-45 pepo mchafu anamtoka mtu, anazunguka asipate pa kupumzika, anarudi na kuikuta nyumba imefagiwa na kupambwa. Kosa la nyumba ile ni kwamba ilikuwa tupu. Anachukua wengine saba waovu kuliko yeye, wanahamia. Ndiyo hadithi ya mtu aliyeombewa vizuri sana kisha akarudi kuishi peke yake.

Jaza kwa Neno kwanza. Yesu aliomba, "Uwatakase kwa ile kweli, neno lako ndiyo kweli" (Yohana 17:17). Chagua kitabu kimoja, Waefeso au 1 Petro vinafaa, usome sehemu ileile asubuhi na jioni kwa juma zima mpaka maneno yaanze kukujibu ukiwa kwenye foleni ya daladala. Jaza kwa meza ya Bwana na kwa watu: kundi dogo linalokujua jina na kukuuliza maswali. Jaza kwa kazi. Unakumbuka kidole gumba kilichopakwa? Mikono iliyoiba, Waefeso 4:28 inasema, sasa ifanye kazi ili iwe na kitu cha kumgawia mhitaji.

Makanisa yamebishana kwa muda mrefu kama mtu anaweza kufikia utakaso mkamilifu kabla ya kufa. Wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, wanasema neema inaweza kumfikisha kwenye upendo kamili hapahapa duniani. Walutheri wanasema mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja mpaka kaburini. Sitaamua ugomvi huo hapa. Wote wawili wanasoma Waebrania 12:14, kwamba bila utakatifu hakuna atakayemwona Bwana, na wote wawili kesho asubuhi watahitaji kuomba.

Hatua ya 7: Tawadha jioni

Barabara za Palestina zilikuwa za vumbi na viatu vyao vilikuwa vya wazi. Mtu aliyeoga nyumbani kwake alifika karamuni na miguu michafu bila kukosea lolote, kwa kutembea tu. Siku yako nayo ina vumbi lake, na lisipooshwa linaganda.

Fanya hivi kabla ya kulala. Dakika kumi zinatosha. Kaa ukingoni mwa kitanda. Mshukuru Mungu kwa mambo mawili au matatu ya siku hiyo, ukiyataja. Kisha ipitie siku tangu kuamka: nani nilimkwaza, nini nilikificha, wapi niliguswa nikapuuza. Kinachoonekana kitaje kwa jina, bila lakini, uombe rehema. Kama kuna mtu wa kurudia kesho, mwandike. Kama huyo mtu yuko chumba cha pili, usisubiri kesho. Waefeso 4:26 inataka jua lisichwe na uchungu bado unao.

Utakapoanguka katika dhambi ileile uliyoiandika kwenye karatasi, na huenda ikatokea, usirudi hatua ya kwanza. Rudi kwenye beseni. Nimeona watu wakianguka Jumanne na kukaa mbali na maombi mpaka Jumapili ili "wapoe" kwanza, kana kwamba mtu anasubiri miguu ikauke ndipo aioshe.

Mara moja kwa juma mruhusu mwingine akuoshe. Yesu alisema tuoshane miguu sisi kwa sisi, na Alhamisi Kuu wengi tunalifanya kwa maji kweli. Mara ya kwanza kukalia kile kiti nilioshwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye magoti yake yalikuwa mabovu. Ilimchukua muda kushuka, akishika kiti changu. Maji yalikuwa ya baridi. Aliosha hadi katikati ya vidole, akafuta kwa khanga, na kuinuka kulikuwa kazi kubwa kuliko kushuka. Kuosha ningeweza. Kukaa pale nikatazamwa miguu yangu na mtu niliyemheshimu ndiko kulikonishinda, nikamwelewa Petro. Mtafute mtu wa namna hiyo, umpe kiti, umwambie mstari mmoja kutoka kwenye karatasi yako.

Na karatasi yenyewe, yale uliyoyaungama yachane. Bakiza kipande chenye madeni ambayo hujayamaliza, ukikunje, ukiweke ndani ya Biblia kwenye Walawi 6. Kisha zima taa ulale.